Mkanda wa Yusta na Mafiga ya Mama Yake

Mimi si mtu wa milimani, na nalisema hili mapema ili nisisumbuliwe baadaye. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, ambako ukiweka chungwa chini unalikuta palepale ulipoliacha. Kazi ya ukarani ndiyo iliyonipandisha Malindi, huku juu Lushoto, miaka ishirini iliyopita. Nilipostaafu nilifunga mizigo nirudi kwetu, kisha nikaifungua. Sababu ni mbili: matunda ya plamsi ya mwezi wa kumi na mbili, na Yusta.

Yusta ni jirani yangu. Nyumba yake iko juu kidogo ya yangu, maana huku nyumba zimepangwa ubavuni mwa mlima na kila mtu anaishi akitazama bati la mwenzake. Ana miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, kifua kipana, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, na ndiye mwanamke pekee kijijini mwetu anayeendesha pikapu. Siku tatu kila wiki anapakia karoti na kabichi za watu na kuzishusha Mombo. Wanaume wanaojua magari wanamwita fundi. Wasiojua wanamwita jeuri. Mumewe, Timotheo, ni seremala mpole wa maneno machache, naye anamwita Mama Wema, basi.

Kuna jambo moja la madereva wa huku mnapaswa kulijua, la sivyo hamtanielewa. Dereva wa mlimani akisimamisha gari hafikirii anachofanya. Anazima injini, anatia gia, anashuka, anasweka jiwe nyuma ya gurudumu. Pua ya gari ikielekea juu, gia namba moja. Ikielekea chini, rivasi. Breki ya mkono ni pambo. Ya Yusta ilikufa zamani na hakuna aliyeilia. Jiwe lake analo maalumu, la mviringo, jeusi kwa oili, na linasafiri naye ndani ya pikapu kama kondakta. Siku moja tulikwenda msibani Soni kwa basi. Tuliposhuka nikamwona Yusta anaangaza macho chini, huku na huku. Nikamuuliza umedondosha nini. Akasema, "Hapana, natafuta jiwe." Ndipo akakumbuka kuwa yeye ni abiria.

Sasa nije kwenye mkanda.

Mbele ya injini ya pikapu ile, nyuma ya kifuniko, kuna mkanda wa mpira wenye meno. Mafundi wanauita taimingi. Umezungushwa kwenye puli tatu: ya chini inayokwenda na pistoni, ya juu inayokwenda na vali, na ya pampu ya dizeli. Kazi yake ni kuzifanya zote tatu zitembee hatua moja, isiwe huyu anapanda na huyu bado yuko njiani. Ukikatika gari likiwa linakwenda, pistoni zinapanda zikutane na vali uso kwa uso, vali zinapinda, na injini imekwisha kabla hujataja jina la Mungu. Mimi mambo haya nilikuwa siyajui. Nimeyajua kwa sababu Yusta hana siri na injini.

Aliyekuwa akiubadilisha ni mzee Nikodemo, fundi wa siku nyingi. Aliubadilisha mara tatu, uani hapo hapo kwa Yusta, Yusta akimshikia spana na kumuuliza maswali mpaka mzee akawa anaomba chai ili apate kupumzika masikio. Mwaka jana Nikodemo alihamia Kwamkoro kwa mwanawe, kwenye mashamba ya chai, ambako simu yake haipatikani mpaka apande kilima. Na mkanda wa tatu ulikuwa umeshapitisha siku zake. Yusta aliujua hivyo, akanyamaza, akaendelea kupakia kabichi.

Kosa lake ni kwamba hakunyamaza vya kutosha. Jumapili moja mezani alimwambia Timotheo, "Ule mkanda sasa umeshikwa na Mungu tu." Mama yake alikuwa amekaa pembeni.

Mama Raheli ana miaka sabini na minane. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu anaona mwanga na kivuli, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Masikio yake lakini ni mazima kupita yangu. Ilikuwa imeshapangwa kwamba Alhamisi ya wiki ile apelekwe Korogwe, ambako madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa siku chache tu kufanya upasuaji. Walishakuja mwaka uliotangulia, na mama akakosa nafasi kwa sababu ya homa. Wakiondoka safari hii, hakuna aliyejua watarudi lini. Basi la abiria hapandi. Aliapa hivyo tangu mumewe akiwa hai, na kiapo cha Mama Raheli hakina rufaa. Alikubali pikapu ya Yusta, kiti cha mbele, basi.

Sasa aliposikia habari ya mkanda akaweka kijiko chini. "Kama umeshikwa na Mungu, mwacheni Mungu aushike hapa hapa nyumbani. Mimi kwenye kona za Mombo sishuki nao."

"Mama, nitauangalia."

"Usiuangalie. Ubadilishe. Usipobadilishwa, sishuki."

Yusta aliutafuta mkanda mpya siku ya Jumatatu, akaupata mjini Lushoto. Mafundi wa mjini walikuwa na magari mpaka Ijumaa. Akarudi na mkanda mkononi, akaniita kutoka juu ya ukuta. "Da Hidaya! Kesho njoo unishikie moyo. Mitatu nimeshika spana. Wa nne naufunga mwenyewe."

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye migomba. Nilipanda na kigoda changu, mashuka mawili na chupa ya chai ya tangawizi. Pikapu ilikuwa uani, pua juu, jiwe nyuma ya gurudumu, boneti wazi. Yusta amevaa ovaroli la Timotheo lililokunjwa miguu mara tatu.

Lazima niseme ukweli, alikuwa anapendeza kumtazama. Alitoa waya wa betri. Akatoa feni, akatoa mikanda midogo ya nje, kila bolti anaiweka kwenye sahani ya bati kwa mpangilio ilivyotoka, kama anayepanga vyombo vya mgeni. Bolti kubwa ya puli ya chini iligoma. Akamwita mumewe, akatia gia namba nne, akamwambia akanyage breki kwa nguvu zake zote ili injini isizunguke, kisha akaning'inia kwenye spana ndefu. Bolti ikalia, ikaachia. Timotheo akashuka jasho likimtoka kana kwamba yeye ndiye aliyefungua. Yusta akaitoa gia mwenyewe, akaitikisatikisa kuhakikisha ni huru. "Mzee Nikodemo alisema, mkanda ukiwa nje, gari lisiwe na gia. Gurudumu likizunguka, injini nayo inazunguka, na juu hakuna habari." Alilisema kwa sauti, na mimi nilisikia, na Timotheo alisikia.

Akafungua kifuniko, akazilinganisha alama za puli zote tatu. Alama zenyewe ni vijikwaruzo tu kwenye chuma, na Yusta macho ya kuona karibu yameanza kufifia, kwa hiyo aliniomba rangi ya kucha. Nilikuwa na chupa nyekundu iliyobaki kwenye harusi ya mpwa wangu. Kila alama ikapata doa jekundu, na mkanda wa zamani ukapata madoa, na mkanda mpya ukapata madoa palepale kwa kuhesabu meno. Injini ikawa imependeza kuliko bibi harusi mwenyewe. Kisha akalegeza kikaza mkanda, akauvuta ule wa zamani ukatoka. Ulikuwa umepasukapasuka mgongoni. Akaukunja vidoleni, akaniangalia. Tulikuwa tumepanda gari hilo juzi yake.

Alipanda ndani kutafuta kitambaa safi chini ya kiti. Akakipata, akashuka, akaenda bombani kunawa, maana mkanda mpya haushikwi na mikono ya oili. Hapa ndipo lilipotokea, na sisi wawili tulikuwa tunatazama na hatukuona. Aliposhuka, mkono wake wa kushoto ulitia gia namba moja. Hakuuamuru. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyofanya kila siku ya Mungu tangu ajue kuendesha, pua ikiwa juu. Na sisi hatukushtuka kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwona akishuka.

Hata hivyo gari lisingesogea. Jiwe lilikuwepo.

Mama Raheli akatoka jikoni na fimbo yake. Alikuwa amekasirika, na nikamsikia anasema peke yake kwa Kishambaa. Nikamwamkia kwa salamu yangu na ya kwao, "Shikamoo mama, onga mshi." Akaitikia huku anatembea, fimbo ikigonga gonga ardhini, mguu ukipapasa. Akafika nyuma ya pikapu. Mguu ukakuta kitu. Akainama, akapapasa, akanusa vidole, akasema, "Ahaa!" Akalikumbatia jiwe kifuani ndani ya kanga yake, akageuka kurudi jikoni.

Pikapu ikasema kwii. Ikarudi nyuma shubiri moja, si zaidi. Na ndani ya injini kitu kikagonga: ko.

 Yusta alikuja mbio, povu la sabuni mikononi. Akatazama magurudumu, akatazama ndani akaiona gia, kisha akachungulia injini. Madoa mawili ya juu yalikuwa mahali pake. Doa la chini lilikuwa limekwenda zake.

Akakaa chini, kwenye udongo. "Nimeliua gari," akasema. "Mimi mwenyewe. Mkono wangu mwenyewe huu."

"Labda bado—" akaanza Timotheo.

"Baba Wema, nyamaza kidogo."

Timotheo akakimbia kuleta magogo mawili ya mbao, akayasweka nyuma ya magurudumu. Wakati huo Mama Raheli alikuwa mlangoni mwa jiko na jiwe lake mikononi, hajui kilichotokea, na anataka haki.

"Nani aliyechukua figa langu akalitia chini ya gurudumu?"

"Mama," Yusta alisema taratibu, "hilo si figa. Hilo ni jiwe langu la gari."

"Nimepika juu ya mafiga haya miaka hamsini na mitano, leo unanifundisha figa? Tangu jana yamebaki mawili. Chungu cha makande kimelala upande. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili nayo ni hivyo hivyo! Na nimewaambia siku zote, figa halitoki jikoni. Figa likitoka, mwenye nyumba naye anafuata."

"Mama, hilo lina oili."

"Lina masizi!"

Nani angeamua? Mmoja haoni, na mwingine hawezi kumwambia mama yake kuwa haoni. Na mimi hapo nikahisi shingo yangu inapata moto, pamoja na baridi yote ile. Kwa sababu kutoka kwenye kigoda changu nilikuwa naona uani kwangu, chini. Naona kuni zangu. Naona turubai juu ya kuni. Na juu ya turubai naona jiwe zuri la mviringo, ambalo jana yake, upepo ulipovuma, nilikuwa nimeliokota nje ya mlango wa jiko la Mama Raheli. Alikuwa amelitoa kwa dakika moja tu ili azoe majivu. Mimi niliona jiwe. Kwetu Tanga jiwe ni jiwe.

Mtu mwema angesema palepale. Mimi nilimimina chai.

Mama Raheli akaelezwa kilichotokea. Kisha akasema, "Basi. Mungu amekataa. Nitakaa na macho yangu haya haya." Alisema haraka mno. Hata mimi niliyekuwa na mzigo wangu moyoni niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama ya mtu aliyetua ndoo.

Yusta naye aliona. Aliinuka kutoka chini, akaenda akasimama mbele yake. "Mama, unaogopa."

"Naogopa kisu," akasema mama yake. "Ndiyo. Kisu kwenye jicho, mwanangu. Nani haogopi?"

"Mimi naogopa kuishika hii injini."

"Basi uiache."

"Siiachi," Yusta akasema. "Nitaishika nikiwa naogopa. Ikiwaka, na wewe utashuka ukiwa unaogopa. Ikikataa, sitakusumbua tena."

Mama Raheli akaweka jiwe jikoni, akatoka, akakaa kwenye kigoda changu bila kuniuliza. "Haya," akasema. "Fanya nikusikie."

Yusta akatoa gia. Akasimama mbele ya injini akiongea kwa sauti, kama mtoto anayesoma hesabu ubaoni. "Gari limerudi nyuma. Lilikuwa gia moja. Kwa hiyo injini imezunguka kinyume. Mzee alisema, injini ikigonga usiilazimishe, irudishe njia ile ile iliyojia." Akaweka spana kwenye bolti ya chini. Hakuishika kwa kiganja. Aliishika kwa vidole viwili, kama unavyoshika sikio la mtoto mgonjwa. Akavuta kidogo. Akasubiri. Akavuta tena. Timotheo alikuwa anaomba, midomo inacheza. Mimi niliomba pia, kwa ajili yangu na ya Yusta, maana dhambi yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Doa jekundu likatokea kwa chini, likapanda polepole, likasimama mahali pake. Hakuna kilichogonga.

Akavika mkanda mpya, puli ya chini, ya pampu, ya juu, akakaza. Lakini bado hatukujua. Vali ikiwa imepinda, huioni kwa nje. Ilibidi azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zirudi zenyewe. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili katikati ukawa mzito, Yusta akasimama, uso wote ukambadilika rangi. Halafu ndani pakasikika pumzi ndefu, fyuuu, na spana ikalegea. "Ni upepo tu," akasema. "Inapumua. Mama, inapumua!" Madoa yote matatu yalikuwa mahali pake.

Kufunga vilivyobaki kulichukua mpaka saa tisa. Aliporudisha betri na kukaa kwenye usukani, alinyoosha mkono, akaurudisha, akajipangusa, akanyoosha tena. Pikapu ilikohoa moshi mweusi juu ya nguo zangu zote nilizoanika, kisha ikaanza kunguruma, laini, hatua moja. Timotheo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kanisani kwao kwenye harusi, alipiga kelele. Yusta aliweka paji la uso kwenye usukani akalia. Nami nililia, na si kwa ajili ya nguo.

Mama Raheli alisikiliza injini kwa muda mrefu. "Hongea," akasema mwishoni, asante ya kwao, na sikujua anamshukuru Yusta, gari au Mungu.

Alhamisi alfajiri alitoka jikoni amevaa kitenge cha kanisani, na jiwe lile mikononi. Akamkabidhi Yusta. "Figa halitoki jikoni," akasema. "Lakini leo mwenye nyumba anatoka, basi nalo litoke. Likushikie gurudumu." Yusta alilipokea kwa mikono miwili. Angeweza kusema nilikuambia. Hakusema. Nikazidi kumpenda.

Tulishuka, mama mbele, mimi nimebanwa katikati na gia. Kila kona baada ya Soni Mama Raheli alikuwa anauliza, "Umeshika?" na Yusta anajibu, "Umeshika, mama." Korogwe walimfanyia jicho la kulia, la pili waliahidi baada ya miezi michache. Ijumaa nesi alimfungua bandeji. Mama Raheli akapepesa, akaangalia ukuta, akaangalia dirisha, kisha akamwangalia binti yake aliyekuwa amechuchumaa mbele yake. Alimwangalia sana.

"Yusta," akasema. "Umezeeka."

"Ndiyo, mama."

"Una mvi. Hakuna aliyeniambia."

Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa mvi moja moja, na wote wawili walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta maji.

Jumamosi tulirudi. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua limewaka juu ya kabichi, na kila kitu kinaonekana mpaka mbali, jambo ambalo mimi sikuliombea. Yusta alizima injini, akatia gia, akashuka, akainama kusweka jiwe. Mama Raheli alishuka bila fimbo. Akasimama uani, mkono kiunoni, anautazama mlima wake, mabati, migomba, njia. Akatazama juu. Akatazama chini, kwangu. Akaacha kuzungusha kichwa.

"Hidaya."

"Abee, mama."

"Lile figa langu linafanya nini juu ya kuni zako?"

Yusta aliinuka polepole, jiwe lake bado mkononi. Akalitazama lile jiwe, akatazama turubai langu, akanitazama mimi, na nikaona anahesabu: jiwe, gia, shubiri moja, ko. Nilidhani atanirushia. Badala yake aliangua kicheko, akakaa chini palepale alipokaa Jumanne.

Niliteremka, nikalitoa juu ya turubai, nikapanda nalo mlima mzima kwa mikono miwili nikisema shikamoo kila hatua, samahani kila hatua. Mama Raheli alilipokea. Akaligeuza, akalikagua pande zote kwa lile jicho lake jipya, taratibu, kisha akanikagua mimi vivyo hivyo, kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye ndala.

"Jicho la pili likipona, Hidaya," akasema, "nitakuja uani kwako kuhesabu kuku."